Nimepanda ungo mchana kweupe: siku tano Hampi na Anegundi

Kabla ya safari

Mi nimezaliwa Kilwa Masoko, kwahiyo magofu kwangu si kitu cha kulipia nauli. Tangu shule ya msingi tunavushwa Kisiwani, mwalimu anaonyesha Msikiti Mkuu, anaonyesha Husuni Kubwa, mnaandika kwenye daftari, mnarudi mnakula mihogo, basi imeisha. Sasa hivi niko Bengaluru nasoma, na jamaa yangu wa Mombasa ninayekaa naye chumba kimoja akaja na hoja kwamba likizo ya Januari twende Hampi, kuna kijiji kando ya mto Tungabhadra, kina magofu ya mji mzima wa kifalme na Wahindu wanaamini hapohapo ndo palikuwa na ufalme wa nyani wa kwenye Ramayana, ile hadithi yao kubwa ya zamani. Nikamwambia bro, yani nitoke Kilwa nije India kuangalia mawe yaliyobomoka? Hakubishana. Akatoa noti ya rupia 50 mfukoni akaigeuza upande wa nyuma, pana kigari cha mawe kimechorwa pale. "Hiki kiko Hampi. Unakishika kila siku ukinunua chai na hujui kiko wapi." Nikaona haya kidogo, tukakata tiketi.

Siku ya 1

Treni ya usiku mpaka Hosapete ni kama masaa tisa. Tulichukua behewa la kulala lisilo na AC, vitanda vya ghorofa tatu, mi nikaangukia cha juu kabisa karibu na feni, na Januari usiku kule ni baridi asikudanganye mtu, nililala nimejikunyata ndani ya kikoi kama kuku wa mvua. Kabla hatujalala mzee mmoja wa kitanda cha chini aliniangalia weee mwisho akauliza, "Siddi?" Nilishazoea swali hilo. Siddi ni Wahindi wenye asili ya Afrika, hapa jimbo la Karnataka wapo wengi tu upande wa misitu ya Yellapur na Haliyal, wanaongea Kikonkani na Kikannada, lugha ya huku, na babu zao waliletwa zamani kwa meli, wengi kama watumwa. Nikamwambia hapana baba, Tanzania. Akatikisa kichwa ile ya kihindi ambayo mpaka leo sijui ni ndiyo au hapana, akanipa chungwa.

Saa moja asubuhi Hosapete. Kutoka hapo mpaka Hampi ni kilomita 13, tukachukua bajaji, na hapa niseme kitu kinanichekeshaga, kampuni yenyewe ni ya India lakini wao wanaita "auto", jina la bajaji tumebaki nalo sisi.

Njiani ndo nikaanza kunyamaza. Kama umefika Mwanza ukaliona lile jiwe la Bismarck pale ziwani, basi zidisha mara elfu, majabali makubwa kama nyumba yamepangana juu ya mengine, rangi ya hudhurungi, mengine yamekaa kwa ncha kabisa unasema hili likipigwa chafya linadondoka, na katikati yake mashamba ya migomba na mpunga kijani kibichi mpaka macho yanauma. Dereva akatuambia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, nyani ndo waliyarusha. Wakati wa vita yao. Alisema hivohivo tu, kama vile mtu anakwambia hapa ndo stendi ya zamani.

Hampi yenyewe kijijini ni padogo, vinjia, vyumba vya kupangisha, maduka ya nguo, na mbele yenu linasimama hekalu la Virupaksha, mnara wake wa getini ni kama mita 50 hivi, unauona toka mbali kabla hujaona kijiji. Tulivua viatu nje. Ndani hekalu linatumika mpaka leo, si gofu, watu wanakuja na nazi na maua, watoto wanalia, tumbili wanapora ndizi mikononi mwa watu mchana kweupe. Kuna tembo jike anaitwa Lakshmi, ukimpa sarafu anaichukua kwa mkonga anampa mwangalizi wake halafu anakuwekea mkonga kichwani kukubariki. Ukimpa ndizi anakula mwenyewe, hampi mtu. Jamaa yangu alibarikiwa mara tatu, tulipotoka akawa anadai amepona mafua.

Kilichonishika pale ni chumba kidogo cha nyuma, giza, kuna kitobo ukutani, na ukutani upande wa pili unaona kivuli cha ule mnara wa getini, umepinduka, kichwa chini miguu juu. Ni ile kanuni ya kamera ya kisanduku tuliyosoma fizikia kidato cha tatu, mwanga unapita kwenye kitobo unageuza picha. Nilisimama nikamuelezea jamaa mambo ya mionzi inavyokatizana. Mama mmoja alikuwa amembeba mjukuu, akamnyooshea mtoto kile kivuli akampa maneno yake, mtoto akafumba mikono akainamisha kichwa. Nikaacha fizikia.

Jina la Hampi linatokana na Pampa, ndo jina la zamani la mto na pia la mungu wa kike wa hapa, Kikannada cha sasa sehemu nyingi p ya zamani imekuwa h. Wanasimulia Pampa alimpenda mungu Shiva, na Shiva alikuwa amezama kwenye tafakuri yake hataki habari na mtu. Miungu wakamtuma Kama, yule wa mapenzi, ampige mshale amuamshe. Shiva akaamka kweli lakini kwa hasira, akafungua jicho la tatu akamchoma Kama akawa majivu. Pampa yeye hakukata tamaa, akaenda kujitesa kwa ibada mpaka mwanaume akalainika mwenyewe, wakaoana, na siku ya kukubali dhahabu ikanyesha kama mvua juu ya kilima cha Hemakuta. Harusi yao inafanywa upya kila mwaka. Jioni tulipanda hapo Hemakuta kuangalia jua linazama, pamejaa vihekalu vya zamani kuliko mji wenyewe, nikawa natazama chini kwenye mwamba kama mjinga, natafuta dhahabu.

Chakula cha usiku: wali, dengu, na bajia za pilipili, zile pilipili ndefu nzima zinazotumbukizwa kwenye unga wa dengu. Nyama kijijini hakuna wala pombe, ni sehemu takatifu. Jamaa yangu aliulizia samaki, kwa sauti ya chini, wakamtazama tu.

Siku ya 2

Tukatembea kwa miguu kufuata mto kwenda hekalu la Vittala, kama kilomita mbili, na nakushauri upite hivo usipande gari. Njiani kuna hekalu dogo la Kodandarama mto unapopinda, wanasema hapo ndo Rama, shujaa wa Ramayana, alimvisha nyani Sugriva ufalme wa nyani. Mbele kidogo kuna pango linaitwa la Sugriva, na kwenye mwamba wake kuna mistari ya rangi. Mzee mwenye genge la madafu hapo nje akatuhadithia.

Sita, mke wa Rama, aliibwa na Ravana mfalme wa Lanka, akabebwa angani. Akipita juu ya hapa akaona nyani wamekaa kilimani, akavua vito vyake akavifunga kwenye kipande cha nguo akavidondosha chini ili mumewe akija kutafuta aone. Ile mistari ndo nguo yake ilipoburuzika kwenye jiwe. Sugriva akavificha pangoni, na Rama alipofika na mdogo wake Lakshmana akawatolea. Rama machozi yakamziba macho hakuweza hata kuangalia, akamwambia mdogo wake nisaidie kuvitambua. Lakshmana akasema bangili sizijui, hereni sizijui, hizi za miguuni tu ndo nazijua maana kila asubuhi nilikuwa nainama kumsalimia shemeji miguuni, uso wake sijawahi kuutazama.

Jamaa yangu hapo alicheka mpaka akakaa chini. Kwao shemeji ni mtu wa kutaniwa, unampokonya mpaka kijiko. Mzee wa madafu hakucheka, akasubiri amalize, kisha akatuonyesha mstari wa pili, "huu ulikuwa upindo." Upindo asee. Hakusema nguo tu, alijua mpaka upindo wake.

Vittala. Hapa ndo kiliko kile kigari cha kwenye noti. Si gari kweli, ni kijumba cha Garuda, yule ndege anayepandwa na mungu Vishnu, kimechongwa mfano wa gari la kukokotwa, na magurudumu yake zamani yalikuwa yanazunguka kabisa, sasa yamezuiliwa yasiharibike. Tiketi ya mgeni ni rupia 600, ya Mhindi 40, nilijaribu kuongea Kikannada changu chote, maneno manne, haikusaidia. Nguzo 56 za ukumbi mkuu zikigongwa zinatoa sauti kama ala, ila kugonga imepigwa marufuku na mlinzi ana filimbi na hana utani. Halafu kuna hadithi niliipenda kuliko nguzo zote, wanasema walipomaliza kumjengea Vittala nyumba hii, mungu mwenyewe akaja akaiangalia, akaona makuu yamezidi, akarudi zake kwenye kibanda chake cha zamani kule Pandharpur.

Mchana tukaenda upande wa ikulu na hapo sitakaa sana. Kuna jukwaa kubwa wafalme walikuwa wanakaa wakati wa sikukuu ya Mahanavami, kuna bwawa la ngazi za mawe meusi lilikuwa limefukiwa wakalichimbua miaka ya 1980, kuna mazizi ya tembo vyumba 11 na makuba yake mazuri yenye mkono wa Kiislamu kabisa, nikajisikia nyumbani kidogo. Mji huu ulikuwa makao ya dola ya Vijayanagara, dola iliyoanzishwa 1336 na ndugu wawili, Harihara na Bukka, na ilipofika enzi ya Krishnadevaraya, 1509 mpaka 1529, mji ulikuwa wa kutisha. Mreno Domingo Paes alifika wakati huo akaandika kwamba ni mkubwa kama Roma. Kabla yake, 1443, Abdur Razzaq balozi kutoka Herat naye alipita. Farasi walikuwa wanatoka Uarabuni na Hormuz kwa meli, bahari hiihii yetu.

Halafu Januari 1565, vita ya Talikota. Masultani wa kaskazini waliungana, Rama Raya aliyekuwa anaongoza dola akakatwa kichwa, na mji ukaporwa kwa miezi. Kuna sanamu ya Narasimha, nusu mtu nusu simba, ya 1528, mita 6.7 kutoka jiwe moja, macho yamemtoka, mikono imevunjwa. Mapajani kwake alikuwa amekaa mkewe Lakshmi na yeye kavunjwa kabisa, umebaki mkono tu umemkumbatia mume mgongoni. Nilizunguka nyuma nikauona ule mkono. Ukitazama mbele tu huuoni.

Kilwa sisi Wareno walituingilia 1505. Miaka 60 kabla ya hawa. Nikawa nawaza hivo nasoma vibao, kibao cha chuma, maandishi meupe, mwaka, urefu, upana, na nikajikuta niko darasa la tano tena na daftari, mihogo tu ndo haikuwepo. Mawe mazuri lakini watu hakuna. Hata kwenye ile barabara ya soko mbele ya Virupaksha, palikuwa na familia zinaishi kwenye mabanda ya mawe ya kale, 2011 wakaondolewa wote. Sasa pasafi. Saa kumi jioni nikamwambia jamaa mi basi, kesho tuvuke mto.

Siku ya 3

Boti ya injini inavusha pale ghati ya hekalu, ngazi za kushukia mtoni, dakika chache tu. Upande wa pili zamani kulikuwa na migahawa na vibanda vya wazungu kupumzika, vikabomolewa 2020. Tukapanda bajaji mpaka Anegundi, na ndo kijiji nilichokuja kukiandikia hapa, Hampi nilikuwa napitia tu ila nilikuwa sijui.

Anegundi kwa Kikannada ni shimo la tembo. Ni pazee kuliko Vijayanagara, dola ilianzia huku ndo ikavuka mto. Unaingia kwa geti la ngome la mawe, ndani ni kijiji cha kawaida kabisa, mbuzi, pikipiki, nyumba zimepigwa chokaa, asubuhi kila mlango una mchoro wa unga mweupe chini kizingitini. Uwanjani pana gari la mbao la hekalu la Ranganatha, lile la kukokotwa siku za sikukuu, na ukoo unaotokana na wafalme wa Vijayanagara bado wana nyumba yao hapahapa. Wanawake wanasuka kamba na vikapu kutokana na magome ya migomba, mama yangu angekaa hapo asubuhi mpaka jioni.

Tulifikia kwa mama mmoja anapangisha vyumba viwili, ana binti anasoma chuo anaongea Kiingereza, na bibi yao. Tuliambiwa mama tumuite akka, dada mkubwa, na bibi tumuite ajji. Chakula mkate wa mtama, bapa, umepigwa kwa mkono mpaka mwembamba kama karatasi, na biringanya za karanga. Jamaa alikula mitano. Akka akawa anaongeza tu bila kuuliza, kama kwetu, sahani yako ikionekana chini wewe ndo unaleta aibu.

Mchana ndo tukapanda ungo. Wenyewe wanaita harigolu. Ni kikapu kikubwa cha mviringo cha mianzi, nje kimefunikwa plastiki na lami, hakina mbele wala nyuma, mnakaa chini mmekunja magoti mpigakasia anasimama na kasia moja. Mi nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu Kilwa nikaandika "nimepanda ungo," akajibu "peke yako au na wenzako?" Walimwengu. Yule Mreno Paes aliona vyombo vya namna hii, na havijabadilika sana ukitoa hiyo plastiki, zamani ilikuwa ngozi. Kwetu chombo kina omo na tezi, unajua unaenda wapi. Hiki kinaenda kinajizungusha, na mzee wetu kwa utani akakizungusha makusudi katikati ya mto mpaka mawe na mahekalu na migomba vikawa duara moja. Jamaa wa Mombasa, mtoto wa bahari, akatapika. Namsamehe lakini nimeandika.

Tulishuka karibu na hekalu la Chintamani, liko palepale kwenye maji. Binti wa akka alikuja na sisi, na hapa ndo ile hadithi kubwa.

Vali na Sugriva ni ndugu, nyani wote, Vali mkubwa ndo mfalme. Siku moja Vali akamkimbiza adui mpaka ndani ya pango, akamwambia mdogo wake nisubiri mlangoni. Sugriva akasubiri muda mrefu, damu ikatoka, akadhani kaka kafa, akaziba mlango kwa jiwe ili adui asitoke, akarudi, watu wakampa kiti. Kumbe Vali mzima. Alitoka akamkuta mdogo kwenye kiti chake, hakusikiliza neno, akamfukuza akamchukua na mke. Sugriva akakimbilia upande wa kilima cha mtakatifu Matanga maana huko Vali hawezi kukanyaga, aliwahi kurusha mzoga wa jini nyati matone ya damu yakamdondokea mtakatifu kwenye makazi yake, akalaaniwa akikanyaga huku anakufa. Kwahiyo mdogo anaishi kilimani anaona nyumba yake ng'ambo ya pili na hawezi kurudi.

Rama akaja, wakapatana, nisaidie ufalme nikusaidie kumtafuta mkeo. Mpango ni Sugriva amuite kaka yake wapigane, Rama ajifiche ampige mshale. Mara ya kwanza ikashindikana, ndugu wamefanana mno, Rama hakujua ampige yupi, Sugriva akapigwa akarudi analia kwa nini hukunisaidia. Mara ya pili akavikwa shada la maua shingoni, Vali akaanguka. Na akiwa anakufa akamuuliza Rama, mimi na wewe hatuna ugomvi, kwa nini umenipiga kwa kujificha?

Binti akatuonyesha Rama aliposimama, mahali penyewe, na ng'ambo ya mto wanapopigana wale. Nikamuuliza, sasa ilikuwa haki? Akasema wazee wameulizana hilo swali miaka yote na majibu yapo mengi, kwamba Vali alimchukua mke wa mdogo wake, kwamba mfalme ana haki ya kuwinda. Akanyamaza. "Lakini ajji yangu hakubali. Ajji anamuomba Rama kila siku, ila hili hajamsamehe."

Nilikaa pale ghati nikaangalia upande wa pili. Ni mbali, mshale kuvuka ule mto si mchezo. Halafu nikajishika, nimeanza kupima umbali.

Siku ya 4

Saa kumi na moja alfajiri tukapanda Anjanadri, kilima alichozaliwa Hanuman, ngazi kama 570 zimepakwa rangi nyeupe unaziona hata gizani. Hanuman ni yule nyani aliyeruka bahari kwenda Lanka kumtafuta Sita. Watu wanapanda bila viatu wanaimba, wengine wamevaa nyekundu, wazee wanasukumwa mgongoni na wajukuu. Juu kuna hekalu dogo jeupe, na tumbili kibao, hapa hakuna wa kuwarushia jiwe, hapa wao ndo wenyeji na wewe mgeni. Walimnyang'anya jamaa kofia. Akawaachia. Jua likatoka mto ukawa wa shaba, migomba, mawe, Hampi yote ng'ambo imelala. Nilikuwa na la kusema nikasahau.

Ugomvi upo lakini. Watu wa Tirumala, kule Andhra Pradesh, 2021 walitangaza Hanuman alizaliwa kwao, na Nashik nao wana kilima chao. Nilimuuliza akka akaniangalia kama nimemuuliza kama mwanae ni wake.

Pampa Sarovar ni kidimbwi chini ya vilima, kina mayungiyungi, pametulia. Hapo aliishi Shabari, bibi mzee aliyemsubiri Rama miaka na miaka, kila siku anachuma matunda anafagia njia. Rama alipofika kweli, yule bibi akawa anaonja kila tunda kwanza, tamu anampa, chachu anatupa, na ukimpa mtu kitu ulichokwishakitia mdomoni kwao ni najisi kubwa, lakini Rama akala yote. Binti alisema tunda lenyewe kwa Kihindi ni ber, sikujua ni nini mpaka akaniokotea. Asee ni kunazi. Kunazi hizihizi za nyuma ya nyumba ya bibi yangu. Nilikula pale nimesimama kama mtoto, za tamu na za chachu.

Usiku kibarazani ajji akaniuliza kupitia kwa mjukuu, na nyie kwenu kuna mawe ya zamani? Nikamwambia yapo, kisiwani. Aliishi nani? Nikaanza: karne nyingi nyuma alikuja Mshirazi kwa jahazi, akakuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo, nguo za kuzungusha kisiwa chote. Mwenye kisiwa akahamia bara halafu akajuta akataka kurudi kupigana, maji yakitoka ulikuwa unaweza kuvuka kwa miguu, basi Mshirazi akasoma Kurani akafanya kafara mpaka bahari ikafunika ile njia.

Ajji alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu. Binti akacheka kidogo, akasita, akatafsiri: "Anauliza, nguo zilikuwa rangi gani?"

Nikabaki mdomo wazi. Na ziliishia upande gani, akaendelea ajji, maana kisiwa kikubwa nguo huwa hazitoshi. Jamaa wa Mombasa akaangalia juu. Nikasema ajji, sijui, kibao hakikuandika. Akatikisa kichwa na safari hii nilielewa kabisa ilikuwa inamaanisha nini.

Siku ya 5

Fupi. Tukavuka kurudi, tukapitia Nimbapuram kuna kilima cha majivu wanasema ndo Vali alipochomwa. Wataalamu wanasema vilima vya majivu vya maeneo haya ni mavi ya ng'ombe, wafugaji wa zama za mawe waliyachoma maelfu ya miaka iliyopita. Nikachukua kidogo mkononi, kizito, kigumu, nikakirudisha. Hosapete chai mbili, treni usiku, kitanda cha juu tena.

Kabla mtandao haujakata nilimtumia bibi yangu wa Kilwa sauti kwenye WhatsApp ya mdogo wangu. Nikamsalimia, shikamoo, nikamuuliza zile nguo alizonunulia Mshirazi kisiwa zilikuwa rangi gani. Nikajua atanicheka.

Majibu yalifika tumekaribia Bengaluru, sekunde arobaini, jogoo anawika nyuma. "Marahaba. Zilikuwa kaniki na nyekundu. Nyekundu ndo chache, ziliishia pale kwenye mikoko, wakazichana mbilimbili ndo zikafika. Sasa na wewe miaka yote hiyo huku hukuuliza, nani kakutuma huko?"

Nikairusha kwa binti wa akka, amtafsirie ajji.